Kutafuta Fangasi Ndani ya Damu: Mwongozo Kamili wa Kipimo cha CrAg na Vipimo vya Jirani Yake

Fangasi inayoitwa Kriptokokasi huacha alama kwenye damu muda mrefu kabla mgonjwa hajaanza kuumwa kichwa. Watafiti nchini Uganda walirudia kupima damu iliyokuwa imehifadhiwa ya watu wenye VVU ambao baadaye waliugua homa ya uti wa mgongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kwa nusu ya wagonjwa hao, antijeni ya fangasi, yaani vipande vya mwili wake, ilikuwa tayari kwenye damu siku 22 au zaidi kabla ya dalili ya kwanza. Kwa takriban mmoja kati ya kumi, ilikuwamo kwa zaidi ya siku 100.

Kazi yote inayoelezwa hapa inafanyika ndani ya muda huo. Mtu anaingia kliniki akitembea kwa miguu yake, hana homa, halalamiki chochote, kumbe damu yake inasema ana wiki chache kabla ya kulazwa akiwa hajitambui. Tone moja la damu na dakika 10 vinatosha kulijua hilo. Kwa hesabu za mwaka 2020, Kriptokokasi ilisababisha takriban wagonjwa 152,000 wa homa ya uti wa mgongo duniani na vifo 112,000, sawa na asilimia 19 ya vifo vyote vya UKIMWI. Wengi wa waliokufa walikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Kipimo cha kuwawahi, kinachoitwa CrAg kwa kuwa kinanasa antijeni ya Kriptokokasi, kipo, bei yake ni dola chache, na hakihitaji mashine. Inaniuma kila ninapofikiria ni wangapi wamepita mbele ya meza ya kliniki bila kupimwa.

Nimewaandikia zaidi matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wa vituo vya afya na hospitali za wilaya. Ndugu wa mgonjwa naye atapata humu maswali ya kumuuliza daktari.

Damu inatoa ushahidi wa aina gani

Fangasi aliyezama mwilini hutafutwa kwenye damu kwa njia kuu nne. Unaweza kumwotesha akiwa hai kwenye chupa ya maabara. Unaweza kunasa antijeni zake zinazomwagika kwenye damu. Unaweza kutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa umetengeneza kupambana naye. Na unaweza kutafuta vinasaba vyake.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachokamata fangasi zote. Kriptokokasi hunaswa vizuri kwa antijeni. Kandida hutafutwa kwa kuotesha damu. Aspagilasi karibu kamwe haioti kwenye chupa ya damu hata ikiwa imejaa mapafuni. Kingamwili nazo humdanganya daktari pale anapozihitaji zaidi, kwa sababu mtu ambaye kinga yake imeporomoka huenda asizitengeneze kabisa. Kwa hiyo fomu ya maabara iliyoandikwa "pima fangasi kwenye damu" haimsaidii mtu wa maabara. Andika fangasi unayemshuku, hali ya kinga ya mgonjwa, na dawa anazotumia.

Hatua ya kwanza: nani apimwe

Anza na mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, ziko chini ya 200. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa nguvu apimwe CrAg kila aliye chini ya 100, na linaruhusu kupima hadi 200. Kwa maoni yangu, kituo chenye vitendanishi kisiishie kwenye 100. Kati ya watu 100 wenye CD4 chini ya 100, wastani wa 6 hukutwa na antijeni hii, lakini walio kati ya 100 na 200 nao hawajasalimika.

Usipime wateja wapya tu. Makundi matatu husahaulika kila siku. La kwanza ni watu walioacha dawa za ARV miezi au miaka na sasa wamerudi. Kwenye daftari wanaonekana wateja wa zamani, lakini kinga yao ni ya mtu ambaye hajawahi kutibiwa. La pili ni wanaomeza dawa huku wingi wa virusi ukipanda. La tatu ni wanaolazwa wodini kwa sababu nyingine kabisa, kama kifua kikuu au kuharisha kusikokoma, na hakuna anayekumbuka kuuliza CD4.

Macho hayatoshi kumtambua mwenye kinga ndogo. Wapo watu wanene, wenye ngozi safi na sauti kubwa, ambao CD4 zao ni 60. Pima CD4. Kama mashine ya CD4 iko mbali, kuna kipimo cha utepe kinachoonyesha tu kama mtu yuko juu au chini ya 200, na hicho hufanyika kituoni. Kama hata hicho hakipo, mwenye dalili za hatua ya 3 au 4 ya ugonjwa, mathalani utando mweupe unaoshuka hadi kooni, kukonda kupita kiasi au kifua kikuu, mhesabu kuwa yuko kwenye VVU vilivyokithiri, na mpime.

Afrika Kusini walifanya jambo la busara ambalo hospitali yoyote inaweza kuiga: maabara ikipata CD4 chini ya 100, plasma iliyobaki kwenye tyubu hiyohiyo inapimwa CrAg bila kusubiri daktari aagize. Wameifanya nchi nzima tangu 2016. Mgonjwa hachomwi mara ya pili, na hakuna anayepotea kati ya chumba cha daktari na maabara. Kama wewe ni mkuu wa maabara, hili unaweza kulianzisha baada ya kikao kimoja na timu ya kliniki.

Hatua ya pili: uliza kabla ya kuchoma

Kabla hujachukua damu, uliza maswali haya kwa sauti ya utulivu, ukimpa mgonjwa nafasi ya kujibu. Kichwa kinauma? Tangu lini, na kinazidi? Anaona vitu viwili viwili au ukungu machoni? Anatapika? Masikio yamepungua kusikia? Amewahi kuanguka degedege? Halafu mgeukie ndugu aliyemsindikiza: "Dada, umeona mabadiliko yoyote kwenye mazungumzo yake, anasahau, anajibu visivyo?" Ndugu huona kabla ya mhudumu, na mgonjwa mwenyewe huenda asijue kwamba amebadilika.

Jibu lolote likiwa ndiyo, damu bado utachukua, lakini mgonjwa ametoka kwenye kundi la uchunguzi wa kawaida. Huyo anahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo leo. Kama kituo chako hakifanyi hivyo, anahitaji rufaa leo, siyo Jumatatu.

Angalia shingo kama imekakamaa, lakini usitulizwe na shingo laini. Kwa watu wenye kinga ndogo, Kriptokokasi huweza kuwa imeshaingia kichwani na shingo ikawa laini kabisa.

Hatua ya tatu: kuchukua na kutunza damu

Sehemu hii ni nyepesi. Kipimo cha utepe cha CrAg kinapokea seramu, plasma, damu nzima na maji ya uti wa mgongo. Tyubu ya kifuniko chekundu inafaa, na ya zambarau inafaa pia. Damu ya kidole nayo hutumika pale ambapo hakuna mashine ya kuzungusha damu, na utafiti uliofanyika Uganda ulionyesha majibu yake yanakwenda sambamba na ya plasma.

Andika jina, namba ya kliniki na tarehe kwenye tyubu ukiwa bado umekaa na mgonjwa. Kama hutapima papo hapo, tenganisha seramu au plasma uiweke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isizidi saa 72. Zaidi ya hapo igandishwe.

Hatua ya nne: kupima

Toa kopo la tepe na chupa ya kimiminika cha kuzimulia vikae kwenye joto la chumba. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Toa idadi ya tepe unazohitaji tu, kisha funga kopo mara moja, maana unyevu wa hewa huharibu tepe, na sisi wa Pwani tunajua unyevu ni nini.

Weka tyubu ndogo kwenye kibao na uiandike namba ya mgonjwa. Dondosha tone moja la kimiminika cha kuzimulia, ambalo ni sawa na maikrolita 40. Kwa pipeti safi, ongeza maikrolita 40 za sampuli. Changanya taratibu. Tumbukiza utepe, ncha nyeupe ikitazama chini, na uwashe saa. Acha dakika 10 kamili. Usisome dakika ya nne kwa sababu foleni ni ndefu.

Siku unapofungua boksi jipya, na kwa utaratibu uliowekwa na maabara yako, pima pia sampuli inayojulikana kuwa chanya na inayojulikana kuwa hasi. Andika majibu ya hizo kwenye daftari kama unavyoandika ya wagonjwa.

Hatua ya tano: kusoma

Mistari miwili ni chanya. Mstari mmoja wa udhibiti ni hasi. Mstari wa udhibiti usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama ule mwingine umetokea. Rudia kwa utepe mpya.

Sasa hapa ndipo watu wanapoteleza. Mstari wa kipimo ukiwa hafifu kama kivuli, bado ni chanya. Hakuna neno "chanya kidogo, tumsubiri" kwenye fomu. Peleka utepe karibu na dirisha au taa nzuri, mwite mwenzako asome bila kumwambia ulichoona, na kama nyote mmeona mstari, andika chanya. Ni kweli kwamba mistari hafifu sana mara chache hutokana na kitu kingine, kama fangasi aina ya Trikosporoni, lakini kuamua hilo ni kazi ya tabibu mwenye mgonjwa mbele yake. Aliye maabara aandike alichokiona, na akitaja kwamba mstari ni hafifu atakuwa amesaidia zaidi.

Kuna mtego wa upande wa pili pia. Antijeni ikiwa nyingi mno, hufurika kiasi kwamba mstari unafifia au kupotea, na kipimo kinaonekana hasi. Kwa hiyo ukiona mgonjwa mwenye CD4 20, kichwa kinampasuka, anatapika, na CrAg imetoka hasi, usikubali. Zimua sampuli hiyohiyo na urudie. Mpigie simu mtu wa maabara umweleze hali ya mgonjwa. Yeye haoni kitanda, anaona tyubu tu.

Kupima kiwango cha antijeni

Sampuli ikiwa chanya, inafaa kujua antijeni ni nyingi kiasi gani. Panga tyubu 10. Ya kwanza itie matone 4 ya kimiminika cha kuzimulia, yaani maikrolita 160, na kila moja ya zilizobaki itie matone 2. Ongeza maikrolita 40 za sampuli kwenye tyubu ya kwanza, uchanganye: hapo umepata mzimuo wa 1:5. Chukua maikrolita 80 kutoka humo upeleke ya pili, changanya, kisha maikrolita 80 kwenda ya tatu, na kuendelea. Ya kumi itakuwa 1:2560, na maikrolita 80 za mwisho unazitupa ili ujazo ulingane. Weka utepe kwenye kila tyubu, subiri dakika 10. Tyubu ya mwisho yenye mistari miwili ndiyo jibu.

Kiwango cha 1:160 na kuendelea ni kengele ya hatari. Watu hao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na fangasi kichwani hata kama hawana dalili, na vifo kwao ni vingi zaidi. Kama tepe ni chache, fanya tyubu zinazozunguka 1:160 tu. Daktari atapata anachohitaji, na utakuwa umebakiza tepe za kumpima mtu mwingine.

Hatua ya sita: CrAg chanya, sasa je?

Jibu chanya lifike kwa tabibu siku hiyohiyo kwa simu. Mgonjwa naye apigiwe. Karatasi iliyolala kwenye trei wiki mbili imeumaliza ule muda wa siku 22 tuliouanza nao.

Kila mwenye CrAg chanya kwenye damu achunguzwe upya dalili, na atolewe maji ya uti wa mgongo hata kama anasema yuko salama. Sababu ni hii: tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha takriban theluthi moja ya watu wasio na dalili, waliokubali kutolewa maji hayo, walikutwa fangasi imeshaingia. Matibabu ya fangasi iliyoko kwenye damu tu na ya ile iliyoingia kichwani ni tofauti kabisa, na kukosea hapo kunagharimu uhai.

Hapa utakutana na hofu. Karibu kila mtaa una hadithi ya mtu aliyechomwa sindano ya mgongo akapooza au akafa. Usiikejeli hadithi hiyo. Wengi wa waliochomwa walifikishwa hospitali wakiwa wameshazidiwa, wakafa kwa ugonjwa, na sindano ikabeba lawama. Mweleze mgonjwa kwa maneno yanayoonekana: "Mama, uti wenyewe unaishia hapa juu, usawa wa juu ya kiuno. Mimi nitachoma chini yake, ambako kuna maji na mishipa midogo inayosogea kupisha sindano. Utasikia mchomo na mgandamizo. Baadaye kichwa kinaweza kuuma siku moja mbili." Mpe nafasi amwite mwanawe au kaka yake asikie naye. Akikataa, mwandikie amekataa, mwanzishie matibabu ambayo mwongozo wa nchi unaruhusu, na kesho umuulize tena.

Sindano ikiwa ndani, pima shinikizo la maji kabla hayajaanza kukusanywa. Likizidi sentimita 25 za maji, kuyapunguza ni tiba, na huenda ikahitajika kurudiwa kila siku. Peleka maji hayo maabara kwa CrAg na kuotesha. Wino wa India chini ya darubini bado una faida, kwa sababu unaonyesha fangasi yenyewe na ganda lake, lakini hukosa wagonjwa ambao CrAg inawapata. Usiutegemee peke yake.

Maji ya uti yakiwa hasi na mgonjwa hana dalili, hupewa flukonazo, dawa ya kuua fangasi, kwa kiwango cha juu wiki 2 za mwanzo, kisha hupunguzwa kwa awamu kufuata mwongozo wa nchi. Kabla ya kuiandika, muulize mwanamke kama ni mjamzito, angalia ini, na soma dawa zake nyingine, hasa rifampisini ya kifua kikuu na nevirapini ya VVU.

Maji yakiwa chanya, huyo ni mgonjwa wa kulazwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya dawa ya dripu iitwayo amfoterisini B ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusaitosini na flukonazo kwa siku 14. Mpango huo ulijaribiwa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ukaonekana hauzidiwi na dripu za amfoterisini za siku 7, huku ukileta madhara machache.

Jambo la ARV linastahili kusemwa kwa msisitizo. Mwenye fangasi kichwani asianzishiwe ARV siku hiyo. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa 2014 ulionyesha walioanza mapema walikufa zaidi kuliko walioahirishiwa, na sasa husubiriwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuanza tiba ya fangasi. Kinga ikiamka ghafla huku antijeni imejaa kwenye ubongo, inawasha moto kichwani. Sera ya "pima na tibu siku hiyohiyo" ni nzuri, lakini kwa mwenye CD4 ndogo inabidi CrAg itangulie. Ndiyo maana dakika zile 10 zinapaswa kutumika kabla mgonjwa hajafika dirisha la dawa.

Kipimo peke yake hakiponyi mtu. Utafiti mkubwa uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukiongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kuchapishwa 2015, uliunganisha upimaji wa CrAg na wahudumu wa jamii waliowatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo za ARV. Vifo vya mwaka mmoja vilikuwa asilimia 13 kwa waliopata huduma hiyo na asilimia 18 kwa wenzao wa kliniki ya kawaida. Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliofundishwa kuuliza: kichwa vipi, dawa unameza, unatapika?

CrAg hasi, mgonjwa bado anaumwa

Kwanza fikiria magonjwa yasiyo ya fangasi, kifua kikuu kikiwa mbele. Kipimo cha mkojo cha LAM, kinachotafuta kifua kikuu, kifanyike sambamba. Ndipo urudi kwa fangasi nyingine.

Kandida kwenye damu ni ugonjwa wa hospitalini zaidi kuliko wa mtaani. Mshuku kwa mgonjwa aliyekaa chumba cha mahututi, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa, aliyepasuliwa tumbo, anayelishwa kwa dripu, mtoto njiti, au mtu aliyemaliza antibayotiki za kila aina na homa bado iko palepale. Kipimo ni kuotesha damu, na ubora wake unategemea zaidi mkono wa anayechukua kuliko mashine. Safisha ngozi kwa spiriti au klorheksidini na uiache ikauke. Chukua damu kutoka sehemu zaidi ya moja. Kwa mtu mzima lenga jumla ya mililita 40 hadi 60 zikigawanywa kwenye chupa kadhaa. Mililita 5 kwenye chupa moja ni kujidanganya, kwa kuwa chembe za Kandida kwenye damu huwa chache. Chupa zikae siku 5 angalau. Hata ukifanya yote sawasawa, kuotesha hukosa takriban nusu ya wagonjwa wenye Kandida iliyozama mwilini, kwa hiyo jibu hasi halimwondolei mgonjwa aliyezidiwa haki ya kutibiwa.

Jibu likiwa chanya, hata chupa moja tu, lichukulie kwa uzito wote. Bakteria wa ngozi wakiota kwenye chupa moja tunaweza kusema ni uchafu wa ngozi. Kandida hatuisemi hivyo kamwe. Mpira wa mshipani utolewe kama inawezekana, macho yachunguzwe, damu ioteshwe tena kila siku au siku mbili, na siku 14 za tiba zihesabiwe kuanzia siku ya kwanza damu ilipotoka safi.

Omba pia aina ya Kandida itajwe kwa jina. Kandida auris, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 kutoka kwenye sikio la mgonjwa, husambaa wodini kwa mikono na vitanda, na mara nyingi haisikii flukonazo. Nairobi hospitali moja iliripoti kwamba zaidi ya theluthi ya wagonjwa wake wa Kandida ya damu walikuwa nayo. Mashine za zamani huitaja kimakosa kuwa Kandida haemulonii. Ukiliona jina hilo kwenye majibu, uliza zaidi na mtenge mgonjwa.

Kuna vipimo viwili vya damu vinavyopatikana kwenye hospitali chache kubwa. Beta-D-glukani hutafuta sehemu ya ukuta wa fangasi nyingi, na nguvu yake ni kuondoa shaka: ikiwa hasi, Kandida ya damu haielekei kuwapo. Ikiwa chanya haisemi ni fangasi gani, na usafishaji wa damu kwa mashine ya figo, albumini, au hata shashi za upasuaji huweza kuipandisha. Kriptokokasi haionekani vizuri hapo, wala kundi la fangasi liitwalo Mukori. Galaktomanani ni ya Aspagilasi, na inafaa zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya damu ambao chembe nyeupe zimekwisha. Kwa wengine, maji yaliyooshwa kutoka mapafuni hutoa jibu bora kuliko damu.

Histoplazma nayo ipo kwetu, ingawa hatuitafuti. Hukaa kwenye kinyesi cha popo na ndege, na watafiti wameipata kwa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi. Kwa mwenye VVU huleta homa, kukonda, ini na bandama kuvimba na chembe za damu kushuka, na wengi hutibiwa kifua kikuu bila nafuu. Antijeni yake hupimwa kwenye mkojo au damu. Mgonjwa wa kifua kikuu asiyethibitishwa, anayezidi kudhoofika mwezi wa pili wa dawa, anastahili kipimo hiki hata kwa kutuma sampuli mbali.

Kwa ndugu msomaji aliyeambiwa "una fangasi kwenye damu"

Maneno haya nayasikia sana, na yanawafilisi watu. Mtu ana uchovu, mwasho au ute mweupe ukeni, anaambiwa fangasi imeingia kwenye damu, anauziwa dozi ya miezi. Fangasi ya ngozi, kucha au ukeni haina maana kwamba iko kwenye damu, na haitafutwi kwa kupima damu. Mashine ya kushika mkononi isiyochukua hata tone la damu haiwezi kuona fangasi yoyote. Mwenye Kandida ndani ya damu kwa kweli huwa yuko hoi kitandani. Uliza maswali matatu: mmepima fangasi gani, kwa kipimo gani, na karatasi ya majibu iko wapi? Na kama una VVU na hujawahi kusikia neno CrAg, liulize kliniki yako.

Ufuatiliaji baada ya tiba

Usirudie CrAg kuangalia kama dawa imefanya kazi. Antijeni hubaki kwenye damu miezi, hata miaka, baada ya fangasi wenyewe kufa, na jibu chanya la namna hiyo limewahi kuwatisha wagonjwa na kuwarudisha kwenye dozi kubwa bila sababu. Andika kwa herufi kubwa kwenye kadi: CrAg chanya, tarehe, kiwango, na matokeo ya maji ya uti.

Flukonazo ya kinga huendelea kwa mwaka mmoja angalau, na huachwa mgonjwa akiwa anameza ARV vizuri, CD4 zimefika 100 na virusi vimefubazwa, au CD4 zimefika 200 pale ambapo wingi wa virusi haupimwi.

Kichwa kikirudi kuuma, toa maji ya uti tena, pima shinikizo, na uyaoteshe. Fangasi ikiota, ugonjwa umerudi, na swali la kwanza ni kama flukonazo ilikuwa inamezwa. Isipoota, huenda ni kinga iliyoamka na kupigana na mabaki, na huyo hatibiwi kama yule wa kwanza. Chupa ya kuotesha ndiyo inayowatenganisha wawili hao, kwa hiyo usikubali maji ya uti yatolewe bila kupelekwa kuoteshwa.